Nywila ya Mwalimu

Saa saba mchana, kompyuta kuu ya hospitali iliandika kwenye daftari lake kwamba fundi wake ameingia mtamboni. Naye fundi wakati huo alikuwa kantini, kijiko mdomoni.

Akaona aliyeingia kwa jina lake ni mwizi tu, na dawa ya mwizi ni kufuli. Kwa siku tatu aliikazia ulinzi mitambo ile, inayoendeshwa kwa mfumo wa Unix: akafuta akaunti za walioacha kazi, akazima huduma zisizotumika, akabadilisha nywila za wote, hata ya mkurugenzi, ambaye alinuna. Yake tu hakuigusa. Alipewa na Mwalimu, mzee aliyemfunza kazi kuanzia sifuri. "Usiibadilishe, mwanangu. Hiyo ni baraka yangu." Na nani huikataa baraka ya mzazi?

Siku ya nne chumba cha mitambo kilinuka nywele zilizoungua. Feni zikanyamaza moja moja, na katika ukimya ule fundi akaona vitufe vya kibodi vikibonyea vyenyewe, polepole, na kwenye skrini likatokea jina lake, kisha la mama yake, kisha la bibi yake aliyekwisha kufa, kama mtu anayehakiki mzigo kabla ya kuubeba. Alipopiga kelele, sauti ilitoka nusu.

Kufika alasiri alikuwa amebakiwa na mnong'ono. Mwalimu alikuja alipoitwa, akasimama mlangoni.

"Kuna jini humu, Mwalimu. Linaingia kwa jina langu, linaninyang'anya sauti. Nisaidie."

"Najua."

"Unajua nini?"

Mzee alitazama viatu vyake. "Lilianza na binti yangu. Likasema litamwacha, mradi nipate mwingine wa kuipokea kwa hiari nywila lililonipa."

"Wewe huniita mwanao."

"Nakuita. Ila yule nimemzaa."

Kikulacho ki nguoni mwako, na cha fundi ndicho kilichomshonea nguo. Fundi akairukia kibodi aibadilishe nywila ile. Kompyuta ikamtaka aandike kwanza ya zamani. Akaandika. Ikakataa. Daftari lilionyesha kwamba ilishabadilishwa saa saba mchana huo, na yeye mwenyewe.

Akamgeukia mzee ili amlaani. Kinywa kikafunguka, haukutoka hata mnong'ono. Kwenye spika ya kompyuta, sauti ya fundi, nzima na changamfu, ikasema, "Ahsante sana, Mwalimu."

Mzee akaiitikia, kisha akaufunga mlango kwa nje.