Neno Alilolificha Alistidia

Kila siku baada ya masomo, Alistidia alikaa barazani kwa bibi yake akiwasomea majirani barua zao. Enzi zile za Waingereza, waliojua kusoma huko Muleba walikuwa wa kuhesabika. Binti huyu wa miaka kumi na miwili alisifiwa mpaka kichwa kikamvimba.

Siku moja ilikuja barua ya bibi mwenyewe, Georgina, mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji. Serikali ilikuwa imeanza kuwapa wakunga vyeti, na asiye na cheti alikatazwa kuzalisha. Alistidia aliisoma kimya: Georgina afike hospitali ya serikali Bukoba, Jumatano, "kutahiriwa". Bibi kizee atahiriwe! Amwambieje? Na kumwuliza mwalimu ni kukiri kwamba hajui kusoma vizuri.

"Wanasemaje, mwana wange?" bibi aliuliza, akimwita mwanangu kwa Kihaya.

"Wanakusalimu tu," alijibu, akaificha barua.

Mwezi uliofuata karani wa hospitali, Anatory, alikuja na orodha ya wakunga. "Hukufika, umefutwa," alimwambia bibi. "Ukizalisha tena, utafungwa." Akaondoka hapohapo bila kuuliza kwa nini bibi hakufika.

Wiki hiyohiyo jirani yao Celina alishikwa na uchungu. Bibi alikimbilia kwake, lakini Damian, mume wa Celina, alimzuia mlangoni huku akilia. "Bibi, watakufunga!" Wakambeba Celina kwa machela kwenda Bukoba. Alijifungua njiani bila mkunga, na mtoto akafa. Walimzika migombani. Siku mbili nzima bibi alikaa akiitazama mikono yake, bila kula.

Siku ya tatu Alistidia aliipeleka barua kwa Mwalimu Protase, akaeleza yote. Mwalimu hakucheka. "Hii ni N, siyo R," alisema polepole. "Kutahiniwa. Yaani kufanyiwa mtihani."

Mwalimu alimpeleka Alistidia na bibi yake Bukoba. Alistidia akakiri kosa lake mbele ya bibi na daktari, machozi yakimtoka.

"Umekosa, na sisi tumekosa," daktari alisema. "Tumemwandikia asiyejua kusoma, kisha tukamfuta bila kumsikiliza."

Bibi akatahiniwa kwa mdomo, kwa Kihaya, muuguzi akitafsiri. Akafaulu. Wakunga wengine waliofutwa nao wakaitwa upya, safari hii kwa tangazo makanisani na sokoni.

Njiani kurudi, bibi hakuwa na furaha. "Cheti ni kitu kizuri," alisema. "Mzazi ana haki ya kujua kwamba mkono unaomshika unaijua kazi. Lakini kabla ya kumfuta mtu, msikilize. Na wewe, mwana wange, kuuliza si ujinga. Ungeuliza neno moja tu, leo Celina angekuwa ananyonyesha."

Alistidia alipiga magoti mbele ya Celina na kumweleza yote. Celina aligeukia ukutani.

Miezi mitano ikapita. Jioni moja Celina mwenyewe alikuja barazani na barua mkononi. Alistidia akasoma, akafika penye neno gumu, akasita.

"Hapa sijui, mama. Naomba nikamwulize mwalimu."

Celina akaketi. "Nenda," alisema. "Nakusubiri."