Kiroba cha Mama Mujibu

Wanawake wa Makote, huko Newala, wana kikundi cha kuvuta kamba. Jioni, wakishatoka shambani na kuinjika maharage jikoni, hukutana kwenye uwanja wa shule. Hufunga kamba kwenye shina la mkorosho mkubwa na kuuvuta mti huo huku wakiimba. Mti hausogei hata kidogo. Wao huvuta hivyohivyo mpaka jasho liwatoke.

Anayekaa mwisho wa kamba huitwa nanga. Huyo hujizungushia kamba mwilini, huchimbia visigino ardhini na kuegemea nyuma. Nanga akiteleza, kikundi kizima kimekwisha. Nanga wa Makote alikuwa Mwanaisha, mwanamke wa miaka arobaini na sita. Watu wengi walimwita Mama Mujibu, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kwa miaka minne hakuna aliyewahi kumtoa mahali pake, hata wapinzani wao wakubwa, wanawake wa Chiwata, na yeye alilijua hilo vizuri. Alikuwa na maringo kidogo, tuseme ukweli.

Mwisho wa Oktoba, Mwanaisha alikuwa anaokota korosho na mumewe, Awadhi. Mabibo yaliyoiva yalitapakaa chini ya miti. Mwanaisha akakanyaga bibo moja bivu, akateleza, na goti la kulia likagonga kisiki. Hospitali walimpiga picha ya eksirei. Pia ya goti, kile kifupa kilicho mbele ya goti, ilikuwa imepasuka. Kwa bahati nzuri vipande havikuachana, hivyo hakuhitaji upasuaji. Mguu ulifungwa hogo, ile plasta ngumu, kwa wiki sita.

Josephina, kiongozi wa kikundi, alikuja kumjulia hali.

"Pole, Mama Mujibu," alisema. "Chiwata wamehangaika miaka minne kukung'oa wameshindwa. Leo umeng'olewa na bibo!"

Wakacheka wote, hata mgonjwa.

Hogo lilipotolewa, mwezi wa Desemba, mfupa ulikuwa umeunga. Lakini mguu wenyewe! Paja lilikuwa limenywea, na goti lilikuwa gumu kukunja. Wahudumu walimfundisha mazoezi mepesi na kumwambia arudi kliniki baada ya wiki mbili. Mwanaisha hakurudi. Wakati wa korosho nani ana muda?

Nyumbani, Awadhi alimkataza mkewe kufanya lolote. Alichota maji mwenyewe. Alisonga ugali mwenyewe, ugali wenye mabuja makubwa. Mwanaisha akiinuka tu kwenye mkeka, Awadhi alipiga kelele.

"Kaa chini, Mama Mujibu! Unataka kuvunjika tena?"

"Nataka kwenda uani tu, Baba Mujibu."

"Ngoja nikushike!"

Mwanaume yule alimpenda mkewe, hilo halina ubishi. Lakini kwa mapenzi hayohayo, paja lilizidi kusinyaa.

Siku moja mwanzoni mwa Januari, Josephina alikuja tena. Safari hii hakuleta mzaha.

"Saba Saba kutakuwa na bonanza kule Masasi," alisema. "Chiwata watakuwepo. Mwezi wa sita napeleka majina. Kwa sasa Faidha anajifunza unanga."

Faidha alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mwenye nguvu na adabu.

"Mtoto mzuri," alisema Mwanaisha. "Atafaa."

Alitabasamu, lakini moyo ulimuuma. Alijiona ameketi pembeni, amefunikwa khanga, anawapigia makofi wenzake. Hakutaka. Alitaka mahali pake.

Kesho yake Awadhi alipokwenda shambani, Mwanaisha alipiga moyo konde. Alichukua kamba, akaifunga kwenye mkorosho ulio nyuma ya nyumba, akaanza kuvuta. Akavuta kwa nguvu zote, akahesabu hadi ishirini. Goti liliuma, naye akauma meno. Alijisikia raha ambayo hakuwa ameisikia tangu Oktoba. Siku ya pili akavuta tena. Siku ya tatu vilevile.

Siku ya nne aliamka goti likiwa limevimba na la moto. Alilificha chini ya kitenge. Lakini alipotaka kusimama alitoa ukelele, na Awadhi akaona.

"Umefanya nini?"

"Nimevuta mkorosho kidogo."

"Kidogo! Nakupikia, nakuchotea maji, halafu wewe unakwenda kugombana na mti?"

Awadhi alikasirika kweli. Alitoka mbio kwenda nyumba ya pili. Hapo alikuwa amepanga binti mmoja anayeitwa Agnes, mtaalamu wa mazoezi tiba wa hospitali ya wilaya. Kazi yake ni kuwasaidia watu waliovunjika au kupooza ili viungo vyao vipate nguvu tena.

Agnes alipiga hodi, akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mzee amekuja kunisemea?"

"Amekuja kwa hofu, mama. Naomba nilione goti."

Aliligusa polepole. Alimwambia anyooshe mguu, halafu aukunje. Kisha akasema, "Kwanza twende hospitali tukapige picha nyingine. Siwezi kusema neno kuhusu mazoezi kabla ya kujua mfupa ukoje."

Picha ilionyesha mfupa uko salama. Mwanaisha akashusha pumzi. Jioni ile Agnes aliketi nao barazani.

"Mama, kutaka nguvu zako zirudi si kosa," alisema. "Ni jambo zuri sana. Mguu ukikaa muda mrefu bila kazi, misuli inakwisha. Na misuli ya paja ndiyo inayolishikilia goti."

Awadhi akakohoa. "Kwa hiyo kumkalisha nako ni kosa?"

"Ulifanya kwa nia njema, baba. Ila sasa mwache asonge ugali."

"Alhamdulillahi," alisema Mwanaisha. "Mabuja yamenichosha."

Agnes alicheka, kisha akauliza, "Ule mkorosho uliuvuta kwa uzito gani?"

Mwanaisha alimtazama. "Uzito gani tena? Niliuvuta tu."

"Hapo ndipo penye kosa. Mti hausogei, kwa hiyo haukuambii umevuta kilo ngapi. Unavuta mpaka mwisho wa nguvu zako. Mguu mzima unavumilia. Mguu uliotoka kuvunjika unahitaji mzigo unaojulikana, mdogo kwanza, halafu unaongezwa polepole."

"Sasa nivute nini?"

"Mna kiroba kitupu?"

Waliweka barafu kwenye kitambaa na kulikanda goti kwa siku chache hadi uvimbe ukaisha. Kisha Agnes akaanza naye chini kabisa. Mwanaisha alilala chali, akakaza paja na kuinua mguu ulionyooka, mara kumi. Alikunja goti taratibu, kila siku kidogo zaidi. Baada ya hapo alikaa kwenye kiti kirefu na kuinuka bila kushika kitu. Wiki zilivyopita, alipanda na kushuka kizingiti cha baraza. Majirani walimwuliza kama amesahau kitu ndani.

Mwezi wa tatu ndipo kiroba kilipoanza kazi. Walikitia mchanga na kukipima kwenye mizani ya dukani, kilo tano. Wakakifunga kamba. Mwanaisha akaishika kamba na kutembea kinyumenyume, polepole, akikiburuta kiroba uani.

"Mwanangu, hiki hata kuku angekiburuta," alilalamika.

"Kiburute hivyohivyo, mama. Fanya siku tatu kwa wiki, na siku za katikati pumzika. Maumivu madogo wakati wa zoezi si tatizo. Yakizidi, acha. Halafu kesho yake asubuhi liguse goti. Kama halikuvimba wala halina moto, wiki ijayo ongeza kilo mbili. Likivimba, pumzika, halafu rudi kwenye mzigo mdogo."

"Na nikiona jambo baya?"

"Ukisikia maumivu makali ya ghafla, au goti likikataa kunyooka, au kigimbi kikivimba na kuuma, usinisubiri mimi. Nenda hospitali siku hiyohiyo."

Kazi ya mizani akapewa Awadhi. Aliifanya kwa ukali. Mwanaisha akijaribu kuongeza mchanga kwa siri, Awadhi aliumwaga.

"Kilo kumi na moja, Mama Mujibu. Nimesema kumi na moja."

Mwezi wa nne aliongeza haraka, na goti likajaa tena. Siku hiyo Mwanaisha alilia. Aliona Saba Saba inamponyoka. Lakini safari hii hakuficha. Alimwita Agnes, akapunguza mzigo kwa wiki moja, na uvimbe ukapungua. Mwezi wa tano kiroba kilifika kilo ishirini na tano, na mwanzoni mwa Juni wakafunga viroba viwili pamoja.

Siku ya kupeleka majina, Josephina alikuja na daftari. Agnes alikuwepo pia, amebeba futi kamba ya fundi cherehani. Alipima paja la kushoto na la kulia. Tofauti ilikuwa ndogo sana. Kisha akasema, "Mama, inuka kwenye kigoda kwa mguu mmoja, mara kumi. Anza na wa kushoto."

Mguu wa kushoto ulifika kumi. Ukaja wa kulia, ule uliovunjika. Awadhi alikuwa roho juu. Nane. Tisa. Kumi.

"Anaweza kuvuta," alisema Agnes.

Josephina akamtazama Faidha, aliyekuwa amesimama naye. Faidha alicheka.

"Mimi nitakaa mbele ya Mama," alisema. "Unanga nausubiri, sina haraka."

Saba Saba, uwanja wa Masasi ulijaa watu. Chiwata walishinda mvuto wa kwanza, Makote wakashinda wa pili. Mvuto wa tatu ulikuwa mrefu. Kitambaa cha katikati kilikwenda huku, kikarudi kule. Mwanaisha alichimbia visigino na kuegemea nyuma. Goti la kulia lilikaza, likashika. Josephina aliimba, wakavuta kwa pamoja, hatua moja, nyingine, nyingine tena, mpaka Chiwata wakavuka mstari na kamba ikalegea ghafla. Makote wote wakaanguka chali.

Wenzake waliinuka wakirukaruka. Mwanaisha hakuinuka. Alibaki chini, kamba bado imemzunguka, macho ameyafumba. Shangwe ikakatika. Awadhi aliruka kamba ya uwanja, Agnes nyuma yake.

"Mama Mujibu! Goti? Umeumia wapi?"

Mwanaisha alifumbua macho. Uso wote ulikuwa umejaa vumbi, na machozi yalikuwa yamechora njia mbili mashavuni.

"Sijaumia popote," alisema. "Miezi minane nalitamani vumbi hili. Niacheni nilale kidogo."