Mwenye Koo Dogo

Mke wa seremala hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe. Ndiyo maana mumewe alipoingia chumbani alasiri ile na kukuta chumba kizima kinanuka kilabu, alidhani ni polishi ya karakana iliyomganda puani.

"Umemwaga nini humu?" aliuliza.

"Sijamwaga kitu. Hata mimi inanikera." Mke alikuwa ameketi kitandani, mkono juu ya tumbo. Mimba hiyo waliingoja miaka, majirani wakawasengenya mpaka wakachoka wenyewe. Seremala alikuwa akiiogopea hata upepo.

Alipofungua dirisha, mkewe alianguka. Macho yalipinduka, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mwanamume mzee, nzito, yenye mikwaruzo.

"Nina kiu. Leteni changu, la sivyo nakitoa hiki kilichomo."

Seremala alikimbilia kwa mama yake, nyumba ya pili. Mama huyo hakuna asilolijua mtaani, na asilolijua hulitungia. Alimtazama mkwewe, akatikisa kichwa.

"Ni jini, mwanangu. Mkeo ni kiti chake tu. Mpe kinywaji, atulie, mjukuu wangu apone."

"Mama, na mimba ile?"

"Anayekunywa si mkeo, ni jini! Wewe ukikaa kwenye kiti ukala ukashiba, kiti nacho hushiba?"

Seremala alicheka kwa hofu. Viti alivijua. Akaenda kilabuni kwa kunyata, akarudi na chupa chini ya shati, akammiminia mkewe kwa mkono wake. Jini aligugumia, akashusha pumzi, akaondoka. Mke aliamka hakumbuki kitu, analalamika kichwa.

Ikawa kila alasiri ni hivyo. Siku ya kliniki, mkunga alimsogelea mke wa seremala, akarudi nyuma.

"Mama, unakunywa?"

"Mimi? Haki ya Mungu sijagusa!" Machozi yalimlengalenga.

"Hata tone usiguse, mama. Hakuna kiasi kidogo ambacho ni salama. Akinywa mama, mtoto naye kanywa."

Seremala alisimama pale na jibu mdomoni. Lakini utaanzaje kumweleza mkunga habari za majini? Alimshika mkewe mkono, wakaenda zao.

Alasiri ile alimimina kama kawaida. Jini alikunywa, akaondoka. Mke alilala chali, midomo imefumbwa. Hapo ndipo seremala aliposikia funda. Funda moja, dogo, kisha la pili, na alipomtazama mkewe koo lake halikucheza, na alipotazama mlangoni hapakuwa na mtu, na mafunda yakaendelea, ya haraka, ya kitu chenye pupa kisichojua kukataa kinachopewa, mpaka akapiga magoti na kutega sikio huku akimwomba Mungu isiwe pale anapodhani, na ilikuwa palepale, ndani ya tumbo.

Mganga aliitwa asubuhi. Alichoma ubani, akamwita jini, naye akaja bila ubishi.

"Unataka nini kwa kiti hiki?"

"Nimeshapata. Nilikuja kunusa."

"Kunusa tu?"

"Sisi hatuna koo, mzee. Nikinusa naridhika. Pombe yenyewe huiacha palepale."

Mama wa seremala alishika ukuta. "Sasa nani alikuwa akinywa?" alinong'ona.

Jini alicheka taratibu. "Muulizeni mwenye koo dogo."

Akatoka. Harufu nayo ikatoka, chumba kikabaki kinanuka ubani na shuka. Mganga alikunja mkeka wake bila kumtazama mtu.

"Yangu yamekwisha," alisema. "Lililobaki si la uganga. Mpelekeni kwa mkunga."

Mkunga alisikiliza yote, hata ya jini, wala hakucheka. Alipima tumbo kwa utepe, akapima tena.

"Mmeacha?"

"Tumeacha," alisema seremala. "Kilichoingia kitatoka, dada?"

"Kuacha leo kunamsaidia kuliko kuacha kesho, na tutamfuatilia kwa karibu. Lakini kilichokwisha kumfikia siwezi kukirudisha. Kama kimemdhuru, na kwa kiasi gani, tutajua akizaliwa. Pengine tutajua akianza shule."

Mke alikuwa akisikiliza, akili timamu, akisikia kwa mara ya kwanza kuwa alikuwa akinyweshwa.

"Sikuwa najua," alisema polepole. "Mimi sijui hata kilabu kilipo. Nani alikuwa akininywesha?"

Mama wa seremala, aliyekuja nao, aliinamia vidole vyake vya miguu. Katika maisha yake seremala hajawahi kumtamani jini, ila saa ile alimtamani arudi, walau awepo mwingine wa kulaumiwa.

Mkewe alikumbatia tumbo kwa mikono yote miwili, akaligeuzia ukutani, mbali na mumewe.