Simu Iliyoingia Kwenye Hedifoni za Dwight

"Mdogo wangu, umeshafunga begi au bado unazubaa?"

Dwight alisimamisha reki. Uani hapakuwa na mtu. Sauti ilitoka kwenye hedifoni zisizo na waya alizokuwa akivaa kila alipotoka kukusanya majani. Muda mfupi uliopita zilikuwa zikimletea mechi ya besiboli kutoka redio kubwa ya sebuleni. Sasa mechi ilikuwa imekatika, na aliyekuwa akiongea ni Bernadette, dada wa mkewe, kutoka mji wa Duluth. Mkewe, Loretta, alikuwa ameipokea simu kupitia redio ileile, iliyounganishwa na simu yake ya mkononi, akasahau kwamba sauti inamfikia mumewe huko nje.

"Hujamwambia? Basi mwachie barua kwenye friji, wewe upande basi la saa tisa."

Majibu ya Loretta hayakumfikia; hedifoni zilileta sauti ya mpigaji tu.

"Usilie. Mwanaume gani anamzika bintiye, halafu miezi minane hataki hata jina lake litajwe? Kutwa yuko uani na vidude vyake masikioni!"

Dwight aliingia ndani na mabuti yake ya tope. Loretta akaikata simu haraka.

"Umesikia?"

"Yote."

"Afadhali. Umeniondolea kazi ya kuandika."

"Usiondoke kabla sijakwambia kitu, mke wangu."

"Miezi minane, Dwight! Ulikuwa unangoja nini?"

"Siku ile Nadine wetu alinipigia mara tatu. Alitaka nikamchukue kazini, barabara zilikuwa na barafu. Mimi nilikuwa nje naondoa theluji, nasikiliza redio. Simu nimeiacha jikoni. Akapanda gari la mwenzake, likateleza…"

Akazishika hedifoni zilizoning'inia shingoni.

"Najua," alisema Loretta.

"Unajua?"

"Nilizikuta simu zake tatu kwenye simu yako wiki ya mazishi."

"Na hukunilaumu?"

"Nilikulaumu sana! Nimekupikia huku nakuchukia. Nimelala kando yako huku nakuchukia. Nilichotaka ni kulisikia jambo hili kinywani mwako."

"Nilijua ukilisikia utaniacha."

"Na umekaa kimya, nikafunga begi. Sasa umepata faida gani?" Alizitazama zile hedifoni shingoni mwake. "Tena bado unavivaa vidude hivi! Unawezaje?"

"Nikivivua nasikia simu inaita, Loretta. Kila saa inaita. Nikienda kuitazama, hakuna aliyepiga."

Hapo akaketi palepale sakafuni akalia, kilio ambacho hakukilia hata kaburini. Loretta aliliweka kitini koti alilokuwa ameshika. Kisha aliinama akaanza kumfungua kamba za mabuti.

Simu ikaita. Dwight alishtuka mwili mzima.

"Hii ni ya kweli," Loretta alimwambia taratibu. "Ni dada."

Akapokea.

"Umeshatoka?" aliuliza Bernadette.

"Bado."

"Amekubembeleza, eh? Umemsamehe?"

"Sijamsamehe, dada. Lakini nakuja naye. Tandika kitanda cha watu wawili."