Mkono Uliokataa Kunyooka

Kila siku baada ya masomo, Kijiti alibadilisha sare, akachukua fimbo yake ya gofu na kujiunga na watoto wenzake kiwanjani. Jina hilo alipewa kwa wembamba wake, naye msichana mwenyewe alilipenda. Jumamosi kungekuwa na mashindano ya watoto, na Kijiti alikuwa amechaguliwa.

"Mkono wa kushoto unyooke!" kocha alisema. "Ukiukunja, fimbo inapotea njia."

Kijiti aliinua fimbo. Kiwiko kikabaki kimekunjika kama kishikio cha kikombe, na mpira ukakimbilia vichakani.

"Tena!"

Kocha akambania taulo kwapani ili mikono isiachane na mwili. Taulo likaanguka. "Kijiti kimevunjika!" mwenzake mmoja alitania. Wote wakacheka, na Kijiti akacheka nao huku machozi yakimlengalenga.

Hakuwa mkaidi, maskini. Jana yake alikuwa amepanda baiskeli ya kaka yake, ambayo mama alimkataza katakata, akaanguka na kuumia kiwiko. Akisema, mama atajua, na mashindano ndiyo basi tena. Asiposema, mkono ndio huo, haunyooki. Afanyeje? Hakuona pa kutokea.

"Hivi unanisikia kweli, mwanangu?" kocha aliuliza, uvumilivu umemwishia. Akamshika mkono ili amnyooshee mwenyewe.

Kijiti akapiga ukelele. Fimbo ikamdondoka. Kocha akapandisha mkono wa sweta na kukuta kiwiko kimevimba.

"Nilianguka na baiskeli," Kijiti alisema kwa kwikwi. "Tafadhali, kocha, usimwambie mama."

"Tutamwambia pamoja. Twende."

Hospitalini, picha ilionyesha mfupa umeingia ufa, na mkono ukafungwa plasta. Mama alifoka kwelikweli, kisha akamkumbatia. Jumamosi Kijiti aliketi pembeni akimtazama mwenzake akicheza katika nafasi yake. Hilo lilimuuma kuliko kiwiko.

Kocha alikuja kuketi karibu naye.

"Daktari amesema utapona, na mkono utanyooka," alisema. "Mimi nilikosea, nilikushika mkono kabla ya kuuliza. Lakini wewe ndiye uliyejua. Ukificha maumivu, hata anayetaka kukusaidia atakuumiza. Siku nyingine sema mapema."

"Nitasema." Kijiti aliugusa mkono wenye plasta. "Kocha, hata sasa unauma."

"Haya, hapo sasa umeanza kujifunza," kocha alisema, akainuka kwenda kumwita mama yake Kijiti, aliyekuwa miongoni mwa watazamaji.