Saba Mlevi

Laiti Leonie Trezise angelala mpaka saa nne Jumapili ile, kama ilivyokuwa desturi yake, leo asingekuwa na kidonda hiki. Lakini aliamka mapema, akavaa koti la sufu la kijani na buti za marehemu baba yake, akaenda mji wa Gawler, karibu na Adelaide, kwenye soko la vipuri vikuukuu, mahali ambapo watu wazima wenye akili zao hujihimu na mapema kwenda kubishania vyuma vilivyotupwa na babu zao.

Ukungu ulikuwa bado umelala uwanjani, na soseji na vitunguu vilikuwa vikinukia kila upande. Kwenye turubai moja aliona kitasa cha mlango alichokitafuta mwaka mzima. Akakishika. Mkono mwingine, mpana, wenye weusi wa grisi kwenye kucha, ukakishika vilevile.

"Dada, hicho nimekiona mimi kwanza."

"Umekiona. Mimi nimekishika."

"Una gari la kukifungia, au unakwenda kukifanya pambo?"

"Monaro. Ya mwaka sitini na nane."

Mwanamume alikiachia kitasa polepole. Alikuwa mrefu, amevaa bwelasuti ya buluu iliyopauka magotini, na mvi zimeanza kumwota kando ya masikio. Akauliza injini yake ikoje. Leonie akamwambia imenoki, ina miaka kumi na tisa haijawaka.

"Nauliza kama ni ya gari lenyewe. Liliyozaliwa nayo."

"Liliyozaliwa nayo."

"Basi chukua kitasa, bibie," akasema. "Ila nipeleke nikalione."

Jina lake lilikuwa Tomo Perković, fundi mwenye karakana yake Salisbury, aliyeachana na mkewe zamani na kuapa kwamba mapenzi ameyaachia vijana. Mtu akiapa hivyo, shetani huchukua kalamu akaandika.

Gari lilikuwa limelala bandani Port Adelaide, rangi yake ya dhahabu imefunikwa na vumbi na kinyesi cha njiwa. Baba yake Leonie, mzee Clarrie, alilinunua jipya akiwa kijana. Kila Jumamosi alifungua boneti akaikagua injini ile, hata baada ya kunoki na hata miguu ilipomkataa, mpaka alipofariki miaka miwili iliyopita. Hakuwa mtu wa maneno. Binti yake alikuwa hakumbuki kusikia akiambiwa "nakupenda", alikumbuka tu kushikishwa tochi na kuambiwa amulike hapa, sasa amulike pale. Ndiyo maana suala la injini lilimnyima usingizi.

Kaka yake, Graeme, alikuwa amekwisha kumtafutia nyingine nzima, inayowaka. Kila aliyeulizwa alisema vivyo hivyo: toa hiyo maiti, weka iliyo hai, endesha gari. Walikuwa na haki. Bloki, lile pande kubwa la chuma linalobeba pistoni, lilikuwa na kutu mpaka ndani ya mifupa.

Tomo alipiga magoti, akaipangusa vumbi namba ya injini iliyogongwa kwenye kona ya juu ya bloki, akailinganisha na kadi ya gari. Zililingana.

"Naweza kuifufua," akasema. "Itachukua miezi. Na sitakudanganya, huenda ikafia mikononi mwangu. Lakini ukiweka nyingine, utakuwa na gari zuri tu. Hili lenyewe litakuwa limekwenda."

"Nataka ileile aliyoishika yeye," Leonie akajibu, akashangaa kuona machozi yanamtoka mbele ya mtu asiyemjua. "Ikinishinda hiyo, sitaki gari."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Injini ikapelekwa Salisbury, na moyo wa Leonie ukafuata nyuma yake. Alikuwa dereva wa tramu ya Glenelg, na kila akifika mwisho wa reli alikuwa na dakika saba za kungoja. Dakika hizo zote zikawa mali ya Tomo.

"Mgonjwa anaendeleaje?" Leonie alikuwa akiuliza kwenye simu.

"Mgonjwa hajambo. Daktari ndiye hajala."

"Jioni nakuletea pai na supu ya njegere. Ila nawe unawe mikono, mpenzi. Mara ya mwisho ulinipaka grisi."

"Hukulalamika."

"Nilikuwa na adabu tu."

Majira ya baridi yalipita hivyo. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na abiria wa tramu walianza kumuuliza dereva anacheka nini peke yake.

Mwezi wa tisa Tomo akanyamaza. Siku sita hakupokea simu. Leonie alihisi kuna mwanamke. Alijitazama kwenye kioo, miaka arobaini na moja, akasema moyoni kwamba alistahili, nani alimtuma. Siku ya saba Tomo akatokea kituoni na maua ya manjano, macho yamemvimba, akasema alikuwa na kazi iliyomchosha. Kuhusu mwanamke alicheka kwa uchungu, akaapa hakuna. Hilo lilikuwa kweli, na Leonie akaliamini, na kwa kuwa aliamini hilo hakuuliza lingine.

"Siku itakapowaka," Tomo akamwambia, "nina neno nitakuuliza. Uvae vizuri."

Ikawaka Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, saa tano asubuhi. Leonie alikuja na gauni la njano lenye mkanda mweupe, na viatu vya visigino ambavyo havikujua kutembea kwenye karakana. Monaro iling'aa. Tomo, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, alimpa ufunguo auzungushe mwenyewe. Injini ikakohoa mara mbili, ikashika, ikanguruma ngurumo ile nzito ya kugongagonga ambayo Leonie aliisikia mara ya mwisho akiwa msichana, akiwa amelala chumbani, akijua baba amerudi. Alilia waziwazi, akamshika Tomo shingoni, hakujali shati.

Injini ilipozimwa, Tomo alienda ofisini kuchukua kitu. Leonie naye alikuwa na zawadi yake. Kwenye mkoba alikuwa na karatasi kuukuu aliyoipata wiki ile kwenye kasha la zana za mzee, akaitia kwenye fremu: siku aliyolinunua gari, kijana Clarrie aliweka karatasi juu ya namba ya injini akaisugua kwa penseli ya seremala, namba ikajichora. Namba hizo zilikuwa zimegongwa kwa nyundo, moja moja, na saba ya katikati ililala upande na kushuka chini ya wenzake. Saba mlevi, mzee alikuwa akiiita. Ndiyo mzaha pekee wa baba yake ambao Leonie aliukumbuka.

Aliinama chini ya boneti ili aitazame saba hiyo kwa macho yake.

Haikuwa imelewa. Ilisimama wima kama askari, sawa na wenzake wote. Alitazama karatasi, akatazama chuma, akarudia. Tomo aliporudi na kijisanduku kidogo mkononi, alimkuta ameegemea gari, fremu ameikumbatia.

"Hii ni injini ya nani, Tomo?"

Tomo aliiona karatasi, akaelewa. Hakujaribu kukataa. Akaketi kwenye gurudumu lililolala sakafuni na shati lake jeupe, akaeleza. Mwezi wa tisa alikuwa amepeleka bloki ikachongwe uso wa juu, ule wenye namba, upate kulala sawa. Kila fundi wa magari haya hujua kuifunika namba na kumwonya mwenye mashine aipite kando. Siku ile simu ya Leonie ilikuwa imeingia, wamecheka wee, akaondoka bila kuonya. Aliporudi, uso ulikuwa mweupe kama sahani, namba imekwenda. Mwenye mashine alifanya alichoagizwa. Siku sita Tomo alikaa na pande lile asijue la kufanya, ya saba akachukua vyuma vya kupigia namba, akaigonga upya.

"Ni ileile," akasema. "Naapa kwa kaburi la mama yangu. Chuma kilekile. Namba tu ndiyo niliyoigonga mimi."

"Nitajuaje?"

Vumbi la chuma la namba ya zamani lilikuwa limefagiwa siku nyingi.

"Pengine ilikufia kama ulivyosema, ukatafuta nyingine," Leonie aliendelea, kwa sauti ndogo. "Pengine hapana. Ungenipigia siku ile ukaniambia namba imefutika, ningelia siku moja, Tomo. Siku moja tu. Halafu ningekupikia chakula."

"Niliogopa utaondoka."

"Najua."

Hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka. Msema kweli mpenzi wa Mungu, na Tomo aliisema kweli yake yote siku hiyo, lakini mwenye kugonga namba ya uongo mara moja, neno lake nalo hugeuka namba iliyogongwa. Alikifungua kijisanduku hata hivyo, kwa kuwa alikuwa amekwisha kukileta. Pete ilikuwa nyembamba, ya kupendeza. Leonie aliitazama kwa muda mrefu, kwa sababu aliitaka, akakifunika kijisanduku kwa kiganja cha mkono.

"Chukua tupa ya kusugulia chuma," akasema. "Uifute namba hiyo."

Tomo akaisugua namba ile mbele yake, tarakimu moja baada ya nyingine, machozi yakimdondokea kwenye injini. Kona ile ilipobaki tupu, Leonie akaondoka na gari, kijisanduku akakiacha.

Graeme alipopata habari alisema injini ile nyingine aliyoitafuta bado ipo, waitoe hii waweke ile, angalau hiyo hakuna anayedai ni ya baba. Leonie alikataa. Akiitoa hii, na kumbe ndiyo, atakuwa amemtupa mzee kwa mikono yake. Na akiibakisha, na kumbe siyo, anakumbatia chuma cha mtu asiyemjua. Akaibakisha.

Sasa kila Jumamosi asubuhi huiendesha mpaka ufuoni Semaphore, karatasi ya penseli ikiwa ndani ya sanduku la dashibodi. Kuna siku anaisikiliza, akasema ndiyo, ni yeye. Kuna siku anasikia injini tu. Na mtu mmoja peke yake duniani ndiye anayeijua kweli, yuko Salisbury, nusu saa kwa gari, simu yake anaiweka karibu, na hata akiulizwa mara mia atajibu jibu lilelile.