Mtoto Aliyelala Kimya Nyasini

Watu walimwita Mama Mbuzi, naye hakuchukia. Mbuzi ndio aliokuwa akizungumza nao. Mumewe alikuwa amefariki. Binti yake, mtoto wake wa pekee, aliolewa mbali, na simu zake zilikuwa za nadra. Kila jioni Mama Mbuzi alimimina chai kikombe kimoja, akakaa mlangoni kutazama njia. Upweke usiombe ukukute.

Asubuhi moja alichukua mundu na kamba, akaenda kukata majani ya mbuzi kando ya pori. Mara mkono ukasita. Karibu na kichuguu alilala mtoto wa swala. Masikio ameyalaza, shingo ameinyoosha chini. Halii, hakimbii. Anamtazama tu.

"Maskini," alisema Mama Mbuzi. "Na wewe umetupwa?"

Yeye alijua mbuzi. Mtoto wa mbuzi akimpoteza mama yake, hulia mpaka apatikane. Anayelala kimya peke yake ni mgonjwa, au amekataliwa. Ukimwacha hapo, anakufa. Basi akafanya kama alivyozoea. Akamfunga mgongoni kwa shuka, akaenda naye nyumbani. Majani aliyasahau.

Njia nzima alimsimulia habari zake. Alifurahi, kusema kweli. Alimtandikia gunia karibu na kitanda, akamkamulia maziwa ya mbuzi, akayatia kwenye chupa. Mtoto akafumba mdomo. Akambembeleza, wapi.

Mchana ule Bwana Mifugo alikuja kuchanja mbuzi. Alikuwa kijana mpenda utani.

"Hodi, mama. Leo unaongea na nani humo ndani?"

"Nina mgeni. Njoo umwone."

Bwana Mifugo akachungulia. Utani ukamwisha.

"Umemtoa wapi, mama?"

"Porini. Ametupwa. Hata kulia hawezi."

"Huyu si mbuzi, mama. Swala humficha mwanawe nyasini, akaenda kula mbali, ili wanyama wakali wasimgundue mtoto. Mtoto naye hunyamaza. Akilia, ataliwa. Mama yake hurudi kumnyonyesha."

"Kwa hiyo sikumwokoa?"

"Umemwiba, mama yangu. Kwa nia njema, lakini umemwiba."

Neno hilo lilimchoma. Akatazama chupa mkononi.

"Hayo maziwa yanaweza kumdhuru," Bwana Mifugo aliendelea. "Tena yeye na mbuzi wako wanaweza kuambukizana maradhi. Na mnyama wa porini hafugwi nyumbani bila kibali."

"Si nimeshamshika? Mama yake atamkataa kwa harufu yangu."

"Harufu yako haitamfanya amkatae. Taabu ni akirudi asimkute. Tumrudishe sasa hivi, palepale."

Mama Mbuzi hakunyanyuka. "Alale hapa leo tu. Nyumba hii haina hata mtu wa kuniitikia."

Bwana Mifugo alichuchumaa karibu naye. "Najua, mama. Lakini huyu anaye anayemtafuta."

Walimrudisha pale kichuguuni, wakaenda kujibanza mbali. Walisubiri sana. Mama Mbuzi aliomba kimoyomoyo. Jua lilipoanza kushuka, swala jike akatokea. Chuchu zake zilikuwa zimejaa maziwa. Alinusa hapa, akanusa pale, akatoa sauti ndogo. Nyasi zikatikisika. Mtoto akasimama, akaingiza kichwa chini ya tumbo la mama yake.

"Siku nyingine ukimkuta mtoto wa mnyama, usimguse," Bwana Mifugo alinong'ona. "Ondoka taratibu. Huenda mama yake yuko karibu, na wengine ni wakali. Ukiona ana jeraha, au mama yake amekufa, waite watu wa wanyamapori."

Mama Mbuzi aliitikia kwa kichwa tu. Machozi yalikuwa yakimtoka.

Nyumbani alilikunja lile gunia. Akakaa mlangoni na kikombe chake. Siku zote alisema binti yake amemtupa. Alingoja apigiwe, yeye mwenyewe hakupiga, asije akaonekana anajipendekeza. Jioni hiyo alipiga.

"Mama? Kuna nini?" binti alishtuka.

"Hakuna kitu, mwanangu. Nimetaka kukusikia."

"Mama, nilidhani umenikasirikia. Mbona hupigi?"

Chai ilipoa bila kunywewa.

Tangu hapo Mama Mbuzi alikwenda kukata majani kama kawaida, peke yake. Siku moja mundu ulisita tena. Mtoto mwingine wa swala alilala kimya nyasini, akimtazama. Mikono ilimwasha kumbeba.

"Huyu ana mwenyewe," alisema polepole. Akaokota kamba yake, akaenda kukata majani kwingine.